Mgowe wa Juliana

Mimi si mtu wa Itengelo. Nilizaliwa Rungwe, kwenye migomba na maziwa, nikaletwa huku Uhehe kwenye baridi ya kukata masikio kwa sababu mume wangu, Lutengano, alipewa kazi ya uinjilisti katika mtaa huu mdogo wa Kilutheri. Watu waliniita Mama Mwinjilisti. Nasema haya mapema ili ijulikane anayesimulia ni nani: ni mgeni mwenye mdomo. Wenyeji wa hapa wana adabu nyingi mno. Wanaweza kuliona jambo baya miaka nenda rudi na bado wakaamkiana vizuri, "Kamwene, kamwene," kila mtu akapita njia yake. Mimi nikiona jambo, tumbo linaniuma mpaka nilitoe.

Jambo lenyewe lilikuwa mgowe. Kwa asiyeujua, mgowe ni kazi ya pamoja. Mwenye shamba anapika chungu kikubwa cha togwa, akiweza anachinja, kisha anapeleka habari. Asubuhi kijiji kizima kinakuja na majembe, watu wanalima huku wanaimba, mchana wanakunywa, na jioni shamba limekwisha. Wasio wa kanisa hupika pombe. Sisi tulikatazwa pombe, hata ule ulanzi wa mianzi ambao kila mtu alijua unachuruzika nyuma ya nyumba ya nani, kwa hiyo chungu chetu kilikuwa cha togwa tu, uji mtamu wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi. Mara ya kwanza nilipouona mgowe niliupenda sana. Mwaka wa pili ndipo nilipoanza kuangalia linalolimwa ni shamba la nani.

Huku mvua ya kwanza ndiyo yenye mahindi. Anayepanda wiki hiyo atakula, anayechelewa atavuna mabua. Na mvua hiyo ikishuka, mwenye chungu tayari ndiye anayeita watu. Kila mwaka chungu kilichokuwa tayari kilikuwa cha Mzee Jailos. Baada yake kilifuata cha shemeji yake, halafu vya watu wengine wawili watatu wenye maghala. Asiye na ulezi wa kupikia hakuwa na kitu cha kuitia watu, basi yeye aliitwa tu. Hadi anamaliza kulima kwa wenye vyungu, mvua imekwishapita, mgongo hauna nguvu, na shamba lake limejaa magugu.

Mzee Jailos hakuwa mwizi. Ningefurahi angekuwa mwizi, maana ingekuwa rahisi kumchukia. Alikuwa mzee wa kanisa, mkweli kupita kiasi, aliyeomba mpaka machozi yakamtoka, na kila aliyelima kwake alichinjiwa kondoo. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na shamba la pareto, na aliamini kabisa kwamba sisi tulikwenda kwake kila mwaka kwa upendo. Hilo la upendo ndilo lililonikera.

Sasa Juliana. Juliana alikuwa mjane, mumewe alikwenda kuchimba dhahabu Makongolosi akafia huko. Alimwachia watoto na shamba moja bondeni, la udongo mweusi unaonukia ukiushika. Misimu miwili mfululizo alilima kipande tu, kwingine kukawa pori, na jumbe alimwambia waziwazi: mvua zijazo likikutwa pori tena, litapewa mwenye nguvu ya kulilima. Mzee Jailos alikwisha kuliomba. Hakuficha. Alimwambia Juliana mwenyewe nje ya kanisa, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba asihofu, atampa kazi ya kuchuma pareto. Juliana akapiga goti akasema, "Asante, baba mzee." Nilikuwa nimesimama nyuma yao, na asante ile ilinichoma kuliko yeye.

Kilichotuamsha ni kikapu. Kila mwaka, Sikukuu ya Mavuno, watu waliweka mazao madhabahuni, na baada ya ibada yalinadiwa pale nje. Mnadi wetu alikuwa Danieli, fundi wa kuezeka, mtu mwenye sauti ya kuamsha wafu na utani wa kuwarudisha kaburini kwa aibu. Maboga yalikwenda kwa huyu, kuku kwa yule, lakini ulezi wote ulinunuliwa na Mzee Jailos, maana hakuna mwingine aliyekuwa na fedha ya kununua vikapu vizima. Mwaka wa hamsini na tatu nilikiona kikapu cha Juliana, nilikijua kwa ukindu wake mwekundu, kikipelekwa nyumbani kwa Jailos. Novemba, siku ya mgowe wa Jailos, tulikaa na Juliana kwenye tuta, miguu imejaa tope, tunakunywa togwa.

Nikamwambia, "Dada, unajua hii unayokunywa ni ulezi gani?"

Akatazama ndani ya kibuyu. Halafu akacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena.

"Kumbe nimejiita mwenyewe," alisema.

Maneno hayo yalizunguka. Jumatano tulipokutana akina mama kusali, yalisemwa. Jumatano iliyofuata yakasemwa tena, na mama mmoja ambaye hajawahi kufungua kinywa ila kwa kuimba akasema yeye pia anajiita kila mwaka, na shamba lake analipanda watu wengine wakipalilia. Mwaka mzima tulisali na kubishana. Mwishowe tukakubaliana: ulezi wa mavuno yajayo usiuzwe. Ubaki kanisani, uwe kimea cha wasio na chungu, na mvua ya kwanza migowe ianzie kwao. Wa kwanza awe Juliana, kwa sababu ya jumbe.

Ilibaki kumwambia mume wangu. Lutengano ni mtu mpole, na upole wake wakati mwingine hunifanya nitake kumtikisa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Tupokigwe," alisema, "unajua mshahara wangu unatoka wapi?"

"Najua. Unatoka kwenye kikapu cha Juliana."

Akachukua kofia yake, akatoka, akapanda mlimani peke yake. Nilijua nimemuumiza, wala sikumwita. Aliporudi, umande umemlowesha, alisema, "Basi nitasema mimi. Wewe utawatukana wazee."

Siku ya Mavuno ya mwaka wa hamsini na nne alisimama kweli, amevaa kanzu yake, akawaeleza watu. Hakutukana mtu. Alisema tu kwamba kuna wenzetu wanaolima kwa wote na hakuna anayelima kwao, na kwamba sisi tunaokula mkate mmoja tumeliona hilo tukanyamaza. Watu wote wakatazama miguu yao. Mzee Jailos aliinuka taratibu.

"Mwinjilisti, mimi sina neno na wajane," alisema. "Lakini sadaka ni ya Mungu. Siyo ya Juliana. Huwezi kumpa mtu kitu cha Mungu."

Danieli alikuwa tayari amekishika kikapu cha kwanza cha ulezi, amekiinua juu kama kawaida yake. Akakitazama. Akakishusha chini.

"Mungu hajaniambia niuze," alisema. "Tuendelee na maboga."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichopitisha jambo letu, wala si hotuba. Mzee Jailos hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliponipita alisema, "Mama Mwinjilisti, mgowe ni watu, siyo chungu. Na watu wanakwenda kwenye nyama." Moyoni niliogopa, kwa kuwa niliona anasema kweli. Mshahara wa robo hiyo ulikuja mdogo hata Lutengano aliuficha mfukoni asinionyeshe. Lakini kila Jumatano kulikuwa na boga mlangoni kwangu, na watoto wangu wakachoka maboga.

Kimea tulikitengeneza wenyewe. Tuliloweka ulezi, tukauotesha, tukauanika, tukausaga kwa mawe huku tunaimba, na tukauhifadhi darini kwangu. Novemba mawingu yakakaa juu ya milima. Ijumaa moja radi ikaanza kunguruma upande wa kusini, na kila mwenye macho akajua. Jioni hiyo tukapika chungu kikubwa, tukatia kimea, tukapeleka habari: kesho, Jumamosi, shambani kwa Juliana. Ng'ambo ya bonde moshi ulikuwa unapanda kwa Mzee Jailos pia. Naye alikuwa amepeleka habari: kesho, Jumamosi, shambani kwake, na kondoo yupo.

Mvua ikatuchezea wote. Jumamosi kabla ya kucha ilishuka na mawe, ikanyesha mpaka jioni, hakuna aliyeweza kutia jembe kwenye tope lile. Kwa hiyo kazi ikasogezwa, na ikasogezwa mpaka Jumatatu, maana katikati ilikuwa siku ya Bwana. Jioni ya Jumamosi tulionja togwa ikawa tamu vizuri. Tukakifunika chungu, tukakizungushia blanketi kwa ajili ya baridi.

Jumapili asubuhi chungu kilianza kusema. Ukisogeza sikio ulisikia, blu, blu, blu. Nilitaka kukitoa nje kipoe, au nimwage nipike kingine, kimea bado kilikuwepo. Lutengano akasimama mlangoni.

"Leo hatuwashi moto wa kazi," alisema. Kwetu hata kande za Jumapili zilipikwa Jumamosi.

Nikawauliza akina mama baada ya ibada, nikidhani watakuwa upande wangu. Wote wakakataa. Juliana mwenyewe, ambaye shamba lake ndilo lilikuwa linaning'inia, alisema, "Mama Mwinjilisti, tuiache siku ya Bwana. Itakavyokuwa na iwe." Nikafyonza, nikaenda kukaa. Kwa hasira yangu nikaanza kuhesabu nani amekuja kanisani na nani hakuja, na nikaona mahali pa Rozalia, mke wa Mzee Jailos, pako wazi. Mumewe alisema kichwa kinamuuma.

Jumatatu kulikuwa na ukungu mzito. Vijana walikibeba chungu mpaka bondeni, na nilipofika pamoja na Lutengano nilimkuta Juliana amesimama kwenye ukingo wa shamba lake na watoto wake watatu, wote wameshika majembe, anatazama njia. Hakuna mtu. Ng'ambo tulisikia kondoo analia, halafu akanyamaza. Harufu ya moto ikaja. Mimi nikamlaani Mzee Jailos kwa Kinyakyusa ili Mungu wa Wahehe asinisikie.

Kisha tukasikia sauti ya Danieli ndani ya ukungu. Alikuwa anaimba, na nyuma yake waliitikia wengi. Walitokea mmoja mmoja, jembe begani, akina mama wa Jumatano na waume zao, hata mama mkwe wa shemeji yake Jailos. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya watu.

"Kamwene, wanyalukolo, ndugu zangu!" Danieli alisema. "Kabla ya jembe tuonje kidogo, koo limekauka."

Nikafunua chungu. Povu likapanda likamwagika, na harufu iliyotoka ilikuwa ya kilabuni kabisa. Watu wote wakarudi hatua nyuma. Ilikuwa pombe. Mchungaji alikuwa anakuja wakati wa Majilio, kabla ya Krismasi, kutupa Meza ya Bwana, na aliyekunywa pombe hakuikaribia meza ile, alitengwa. Na kwa mila za huku, kuita watu mgowe bila kuwanywesha ni kuwatukana. Juliana alishika kichwa.

Hapo ndipo Mzee Jailos alipofika. Alikuwa amesubiri watu kwake akapata shemeji yake na mbwa. Alikuja peke yake, kwa fimbo, akapita katikati yetu mpaka kwenye chungu. Akachovya kidole, akaonja, akatema pembeni.

"Hii ni pombe," alisema. Hakusema kwa kufurahi, nakiri, alisema kwa masikitiko. "Sadaka ya Mungu mmeifanya pombe. Mwinjilisti, nitamwambia mchungaji, siwezi kumficha. Haya, wanangu. Msikae na njaa kwenye baridi. Njooni kwangu, nyama iko motoni, na togwa yangu ni tamu."

Watu wakainamisha macho. Mmoja akainua jembe lake begani. Nilifungua mdomo kusema lolote lile, hata la kipumbavu, lakini Juliana alitangulia. Alipiga goti, kama siku zote, na akauliza kwa heshima yake yote.

"Baba mzee, yako ni tamu?"

"Tamu kabisa."

"Ilitiwa kimea lini?"

Yule aliyeinua jembe akalishusha. Hakuna mtoto pale asiyejua kwamba togwa iliyo tamu Jumatatu haikutengenezwa Ijumaa. Ya Ijumaa ilikuwa mbele yetu inatoa povu. Nikakumbuka mahali pa Rozalia kanisani, pako wazi.

"Yetu imechacha kwa sababu tumeiacha Jumapili," Juliana aliendelea, sauti ndogo. "Mama Mwinjilisti alitaka kuipika upya, sisi tumekataa. Nauliza tu, baba mzee. Sina ubaya."

Nimekwisha kusema kwamba Mzee Jailos alikuwa mkweli. Mtu mwingine angesema kuna baridi jikoni kwangu, au chungu changu ni cha udongo mzuri. Yeye alisimama, fimbo imezama kwenye tope, na nikaona uso wake unatafuta mahali pa kupita pasipokuwapo.

"Jana," alisema.

Akageuka akaenda zake. Hakuna aliyemcheka. Alipotea kwenye ukungu akipanda mlima polepole, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka.

"Sina cha kuwapa," Juliana alituambia. "Kuna maji ya mto tu."

"Maji ya mto hayachachi," Danieli alisema, akatia jembe la kwanza.

Tulilima. Kazi ya kiu na njaa ni kazi ndefu, na sitasema kwamba tuliimba wakati wote, kwa kuwa hatukuimba. Mama mmoja alinung'unika, wengine wawili wakagombana juu ya mstari. Lakini pori lilikuwa linarudi nyuma na udongo mweusi unatokea, na watoto wa Juliana walikuwa wanafuata wakitia mbegu. Jua lilipotoboa, jumbe akaja. Hakuwa mtu wa kanisa, na alisikia harufu kabla ya kuona shamba. Akakaa kando ya chungu, akateka, akanywa, akateka tena.

"Nani amepika hii?" aliuliza. "Huku kwenu sijapata kunywa kitu safi namna hii."

"Jumapili," Danieli alimjibu, na watu wakacheka mpaka majembe yakawaanguka.

Jumbe hakuelewa, lakini alicheka pamoja nasi kwa kuwa alikuwa amefika kibuyu cha tatu. Alipoondoka alitazama lile bonde kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Hili siyo pori," alimwambia Juliana. "Shamba ni lako, mama. Asikusumbue mtu." Akaomba kubeba kilichobaki, na tukampa pamoja na chungu chenyewe.

Tulikuwa tumebakiza kona ya mwisho, tumelegea kabisa, tulipomwona Rozalia anashuka mlima. Nyuma yake vijana wawili walibeba chungu kwenye mti, wengine sinia za nyama. Kilikuwa chungu cha Mzee Jailos. Rozalia alikuwa mwanamke mrefu, hakuzoea kuzungumza nasi sana. Akasimama kwenye tuta, hatazami mtu.

"Amesema mnywe hapahapa," alisema. "Hii nyingine nimeipika leo asubuhi. Ile ya jana amewapa ng'ombe."

Hatukujua tufanye nini. Danieli tu ndiye aliyevua kofia.

"Na ameniambia niulize," Rozalia akaendelea. "Ameuliza siku yake ni ipi."

Miaka yote niliyokaa Itengelo, Mzee Jailos alikuwa anatangaza siku. Hakuwahi kuuliza. Akina mama wakatazamana, wakanitazama mimi, nami kwa mara moja katika maisha yangu sikuwa na neno. Nikamtazama Juliana. Alikuwa amejaa tope mpaka kwenye nyusi, jembe mkononi, shamba lake nyuma yake. Niliona midomo yake ikienda bila sauti, anawapitia wasio na chungu mmoja baada ya mwingine, huyu kesho, yule keshokutwa. Hakupiga goti.

"Kamwambie baba mzee ni Ijumaa," alisema. "Na mimi nitakuwepo mapema."